Muuguzi Lornah Nabwile na Damu ya Watoto Wetu

Wachungaji wetu, wazee, mama zetu wa Satellite na Mutuini, wenzake wa kazi mliokuja na koti zenu nyeupe kumsindikiza, jamaa mliotoka Kamukuywa tangu juzi, tunawasalimu nyote, na tunaomba mkae, hata mlio huko nyuma ya hema, kwa maana historia hii ni ndefu kidogo na gari litaondoka saa nane. Familia ilimchagua mkaza mwana wa marehemu, Nanjala, mke wa Maxwell, aiandike na kuisoma, na Nanjala ameiandika kwa siku tatu akifuta na kuandika upya, na kabla hajafika kwa kuzaliwa anaomba aseme jambo moja, ili lisiwasumbue mkilingoja: wengi wenu mmesikia kwamba marehemu aliondolewa kuongoza kazi ya chanjo kwa sababu ya mambo ya damu, wengine mmelisema hata juzi kwenye maombi, mkidhani hatusikii, basi jambo hilo limo humu, mahali pake na kwa tarehe yake, na likifika mtalisikia lote.

Marehemu Lornah Nabwile Makokha alizaliwa tarehe 14 Machi 1965 kule Kamukuywa, Bungoma, mtoto wa nne kati ya tisa wa marehemu Mzee Yona Khaemba na marehemu Mama Rasoa, na wanaomkumbuka utotoni wanasema alikuwa na mkono wa ajabu wa kushika kuku, anamshika asipige kelele hata kidogo, kuku anatulia tu kama amelala, na hapa Nairobi wengi tuliuona mkono ule ule ukimshika mtoto wa kudungwa sindano. Alianza shule ya msingi Januari 1972, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1978, akasoma sekondari ya wasichana huko huko Bungoma kuanzia 1979 hadi 1982, ambako alipenda hesabu kuliko chakula, na angetaka kuwa mwalimu wa hesabu, lakini shangazi yake aliyekuwa mhudumu wa hospitali Kakamega akamwambia huko pia kuna kuhesabu, kuhesabu pumzi, kuhesabu matone, basi Septemba 1984 akaingia chuo cha uuguzi, akafuzu Desemba 1987, akapangwa zahanati moja karibu na Webuye.

Huko ndiko alikompata Baba yetu Dalmas Makokha, aliyeketi hapa mbele, wakati huo fundi wa mitambo ya kuchapa vitabu River Road, katikati ya jiji, ambaye alikuwa amekwenda nyumbani likizo na kidole kilichobanwa na mashine, kimevimba, kinanuka, na muuguzi akakiangalia akamwambia, "Hiki tunaweza kukikata, ama unaweza kuja kila siku wiki mbili nikisafishe," na Baba akaja kila siku wiki mbili, na wiki ya tatu kidonda hakikuwapo tena lakini alikuja. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1990, wakahamia Riruta Satellite Februari 1991, wakajaliwa watoto watatu, Jacklyne aliyezaliwa 1992, Elija aliyezaliwa Oktoba 1994, na Maxwell aliyezaliwa 1998.

Elija aliaga tarehe 3 Aprili 1996, akiwa na mwaka mmoja na nusu, kwa nimonia iliyomshika Jumatatu ikamchukua Jumatano, mama yake akiwa ni muuguzi, dawa zikiwa mkononi, akimhesabia pumzi kwa saa ya ukutani, sabini kwa dakika, na wakati huo chanjo ya nimonia haikuwako nchini. Marehemu hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, ila Jacklyne anakumbuka kwamba ile saa aliishusha, akaifunga kwa karatasi, ikakaa chini ya kitanda miaka na miaka.

Alifanya kazi katika zahanati tatu za upande wa Dagoretti, na mwaka 2011, chanjo ya nimonia ilipoanza kutolewa kwa watoto wachanga, alikuwa wa kwanza katika zahanati yake kuishika ile chupa ndogo, na wenzake wanasema aliiinua kwenye mwanga akaiangalia muda mrefu, hadi mama aliyekuwa na mtoto kwenye foleni akauliza, "Kwani sista, imeharibika?" naye akajibu, "Hapana mama, imechelewa tu." Baadaye, mwaka 2013, akiwa Kinoo, stima ilipotea siku mbili na jenereta ikakataa kuwaka, akabeba kisanduku chake cha chanjo kichwani akavuka barabara hadi kwa Mzee Harbans Singh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na jenereta kubwa, na Mzee Harbans, ambaye yuko hapa leo na kilemba chake cheupe, akafungua friza ya barafu akasema, "Weka hapa sista, hapa ni baridi kabisa, mpaka itagonga kama jiwe," na marehemu akaruka, "Ngai, mzee, hii ikiganda imekufa! Inataka baridi ya soda, haitaki baridi ya nyama," basi Mzee Harbans akatoa kreti tatu za soda kwenye friji ya wateja, akaweka chanjo, akabandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, HAKUNA SODA LEO, NI WATOTO, na siku mbili zile watu waliokuja kununua misumari walirudi nyumbani na kiu, lakini hakuna hata chupa moja ya chanjo iliyoharibika.

Mwaka 2021, baada ya kustaafu serikalini akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, kwa ajili ya magoti yake, alichukuliwa na utafiti wa chanjo ambao kliniki yake iko Mutuini na maabara yake iko ghorofani katikati ya jiji, chini ya Daktari Avni, yule aliyekaa karibu na mlango wa hema, na magoti yakasahauliwa, kwa sababu mwaka uliofuata tayari alikuwa kiongozi wa wauguzi wote wa nyanjani. Kwa wasioujua utafiti ule, watoto walidungwa chanjo ya kawaida, ile ile ya wiki sita, wiki kumi na wiki kumi na nne, lakini wakatolewa damu kidogo kabla ya dozi ya kwanza na tena mwezi mmoja baada ya ya tatu, kijiko kimoja cha chai, ili maabara ipime kingamwili, yaani wale askari wa mwilini wanaopigana na kidudu cha nimonia, wamekuwa wengi ama hawakuja. Sasa mnajua Mutuini, ukisema unatoa damu ya mtoto watu wanafunga milango, na siku za kwanza mama mmoja alimwuliza usoni, "Hiyo damu mnatoa mnauzia nani?" naye hakukasirika, akaketi kwenye kigoda, akamwambia, "Mama, hapa kwenu kwa plot mna soja kwa geti, si ndiyo? Sasa kama kuna mwizi anazunguka huku, utafanya nini, si utamwonyesha soja picha yake? Chanjo ni ile picha. Na hii damu, mimi ninaenda kumwuliza soja, wewe, ile picha uliishika kichwani ama ulilala?" Mama yule alicheka akamtoa mtoto mgongoni, na kuanzia siku hiyo wanawake wa Mutuini walikuwa wakimwita Mama Soja, na watoto mia tatu na zaidi waliingia kwenye daftari lake, na kila mmoja alimrudishia majibu nyumbani kwa miguu yake, jambo ambalo utafiti haukumtaka afanye, akisema haiwezekani uombe mtu damu ya mtoto wake halafu unyamaze.

Katika watoto hao alikuwamo mjukuu wake. Ezra alizaliwa tarehe 9 Februari 2024, mtoto wa kwanza wa Maxwell na Nanjala, wanaoishi Mutuini, na damu ya wiki sita, tarehe 22 Machi, ilionyesha kwamba ana ugonjwa wa selimundu, ule watu huita sikoseli, na siku hiyo Nanjala, aliyekuwa na miaka ishirini na mmoja na hajui lolote zaidi ya alichosoma kidato cha nne, alihisi dunia imemwinamia. Marehemu ndiye aliyemkalisha akamweleza kwamba watoto hawa hukua, husoma, huoa, lakini kidudu cha nimonia huwapenda sana, na soja wao wakati mwingine husahau picha upesi, kwa hivyo katika utafiti wametengewa kundi lao, watoto kumi na wanane, na Ezra ndiye wa kwanza wao atakayepimwa, ili ijulikane kama dozi tatu zinawatosha. Ila yeye mwenyewe hakumgusa Ezra kwa sindano, kwa sababu alikuwa na sheria yake, na iliandikwa pia, kwamba muuguzi hachukui damu ya ndugu yake, hajazi karatasi yake, hata chumba cha kutolea damu haingii, na kazi yote ya Ezra ikafanywa na muuguzi Wahome.

Basi ifuatayo ndiyo habari yenyewe. Tarehe 14 Juni 2024, Ijumaa, ilikuwa siku ya damu ya pili ya Ezra, na Nanjala hakuwa amelala vizuri wiki nzima, mtoto amekuwa na macho ya manjano, viganja vimepauka, mtu mmoja amemwambia mtoto wa sikoseli damu yake ni haba, ukimtoa kijiko umemtoa kikombe, mwingine amemwambia huyo mkwe wako anataka jina kazini, na Nanjala hakumwuliza mkwe wake, hilo ndilo kosa la kwanza, hakumwuliza kwa sababu aliogopa kuonekana mjinga, akaenda mlango wa pili kwa Waceke, mwenye mtoto wa kiume aliyezidi Ezra wiki mbili tu, mnene, mwenye afya, naye alikuwa amemaliza chanjo zake zote, akamwambia shida yake, na Waceke, ambaye ni mtu wa huruma na leo hii amekubali atajwe, alisema, "Si ni kidogo tu? Huyu wangu ni kama ndama, mpeleke, hata hatajua." Nanjala akamfunga mtoto wa Waceke mgongoni, akachukua kadi ya Ezra, akaenda kliniki, Wahome, aliyekuwa na foleni ndefu siku hiyo, akasoma kadi, akasoma jina, uso hakuuangalia, akatoa damu, mtoto akalia kidogo akapewa chupa ya maziwa, na saa tano walikuwa wamerudi, Ezra akiwa amelala kitandani kwa Waceke hajui kitu.

Mwanzoni mwa Julai majibu yalikuja na kliniki ilikuwa sherehe, kingamwili za Ezra zilikuwa juu kuliko za watoto wengi wasio na ugonjwa wowote, Daktari Avni alinunua keki, watu wakasema mtoto wa selimundu amejibu chanjo kama simba, na palikuwa na mazungumzo kwamba wale kumi na saba waliobaki pengine hawahitaji kufuatwa kwa karibu hivyo. Marehemu alikula keki kama wengine, na Nanjala aliyealikwa alikula pia. Lakini maabara ile, kwa utaratibu, hupima selimundu kila damu inapoingia, hata kama wanajua, na tarehe 18 Julai wakapiga simu kwamba damu ya pili ya Ezra haina selimundu kabisa. Wahome alisema maabara imechanganya chupa, wengine wakasema damu zote mbili za Ezra zifutwe mambo yaishe, na ingekuwa rahisi, hakuna ambaye angeuliza, lakini marehemu aliagiza maabara ikague chupa zote za siku ile, ikakuta ziko sawasawa, basi akajua kosa halikufanyika maabara, lilifanyika kabla ya chupa kujaa.

Jumamosi, tarehe 20, alikuja Mutuini na mkate na maziwa kama kawaida yake, akamchukua Ezra akampakata, akamchezesha, halafu akasema bila kuinua macho, "Nanjala, siku ile Ezra alitolewa damu kwa mkono gani?"

Nanjala akasema, "Wa kulia, Mama."

"Alilia?"

"Alilia sana."

"Wahome ameniambia hakulia sana. Na ameniambia alikuwa mzito." Akamfunika mtoto miguu. "Mwanangu, mimi sikuja kugombana. Ninauliza tu, ulimpeleka wa nani?"

Nanjala alipiga magoti pale kwenye simiti, akasema yote, la Waceke, la viganja, la kijiko na kikombe, akingoja kofi ama kufukuzwa, na marehemu akasema, "Inuka, unamtisha mtoto. Weka chai." Akanywa kikombe kizima kabla hajasema tena, na aliposema hakuuliza kwa nini umeniaibisha, alisema, "Wewe uliogopa nitammaliza damu, na mimi sikukwambia vya kutosha, hayo tutayamaliza mimi na wewe. Lakini soja wa huyu hatujamwuliza bado. Tunafurahia soja wa jirani." Na Jumatatu, tarehe 22 Julai, aliwapeleka Nanjala na Ezra kliniki, akabaki nje kama sheria yake ilivyotaka, Nanjala akampakata Ezra mwenyewe wakati wa kudungwa, na kilichotoka kilikuwa kijiko kimoja tu, na mtoto alinyonya akalala.

Majibu ya kweli yalikuja tarehe 9 Agosti, na kati ya aina kumi za kidudu ambazo chanjo ile inakinga, kingamwili za aina sita zilikuwa chini, chini kabisa, yaani mtoto ambaye keki ililiwa kwa ajili yake alikuwa karibu hana kinga. Alipewa dozi ya ziada tarehe 27 Agosti, na damu ya mwezi uliofuata ikaonyesha zote kumi zimepanda, na Ezra, yule pale kwa shangazi yake Jacklyne, anayevuta ua la watu, hajawahi kuugua nimonia hadi leo. Wale kumi na saba nao walipimwa kila mmoja kwa uangalifu, watano wakakutwa chini kama Ezra, wakapewa dozi ya ziada, na mama zao wengine wako humu ndani na hawajui mpaka sasa hivi kwa nini kliniki iliwafuata nyumbani mara nyingi vile. Na tunaomba mtu asitoke hapa akisema chanjo haifanyi kazi, marehemu angeamka, karibu watoto wote wa daftari lake walijibu vizuri sana na zile dozi tatu, ni hawa wachache wenye damu ya aina yao ndio walihitaji kuangaliwa zaidi, na waliangaliwa kwa sababu mtu mmoja alikataa majibu matamu.

Sasa lile la kuondolewa. Marehemu aliandika barua kwa mkono wake kwa wasimamizi wa utafiti, na Daktari Avni ametuonyesha nakala, na ndani yake amesema mtoto aliyebadilishwa ni wa nyumba yake, kosa ni la nyumba yake, na yeye kama kiongozi hakuwa ameweka njia ya kuhakikisha mtoto aliyeletwa ndiye aliyeandikwa, akapendekeza kila mtoto apigwe picha na kuvishwa utepe wenye namba siku ya kwanza, jambo ambalo linafanyika hadi leo. Utaratibu ni utaratibu, tarehe 2 Septemba 2024 aliondolewa uongozi akarudishwa kupima uzito wa watoto, mtu mwenye miaka karibu arobaini ya kazi, na alikwenda kupima uzito, akapanga foleni, akafuta mizani kwa kitambaa kila mtoto akitoka, na hakuonekana mdogo.

Wasimamizi walijua, ila hapa kwetu hakumwambia mtu. Watu wakatunga yao, kwamba amekamatwa na chupa za damu, kwamba alikuwa akiuza, na kikundi cha akina mama alichokiongoza kikamwomba apumzike uenyekiti, kwa upole, na keki pia, na mama waliomwita Mama Soja wakaanza kumwita kwa jina lake lote. Siku moja ya Desemba, familia ikiwa imekaa Satellite, Maxwell alimwuliza mbele ya wote, "Lakini Mama, hiyo damu ya watoto wa watu, ulifanya nini nayo?" na Nanjala alikuwa pale jikoni, mlango uko wazi, anakaanga vitunguu, na marehemu alimtazama mwanawe akasema, "Nilikosa kuangalia, baba, nikalipia," na vitunguu vikaungua. Nanjala hakusema ukweli siku hiyo wala mwaka uliofuata. Marehemu hakumkumbusha hata mara moja, alikuja na mkate na maziwa kila Jumamosi, akimfundisha kumpa Ezra dawa zake, kumnywesha maji, kumpapasa wengu chini ya mbavu za kushoto kama umevimba, kuhesabu pumzi kwa dakika nzima na si nusu dakika.

Agosti 2025 alianza kulalamika tumbo na kukonda, na tarehe 11 Septemba 2025 madaktari wakasema ni saratani ya kongosho, imekwisha kusambaa. Alikataa kulazwa muda mrefu, akauguzwa Satellite, na kwa kuwa Jacklyne anafanya kazi mbali, aliyemwosha, aliyemlisha uji na kumgeuza alikuwa Nanjala, na mchana mmoja wa Novemba Nanjala alishindwa, akamwambia, "Mama, leo wakija wote nitawaambia," naye akacheka hadi akashika tumbo, akasema, "Ngoja kwanza. Ukisema sasa watanihurumia mimi, watakugeuka wewe, halafu nani atanigeuza ubavu? Maxwell? Huyo atanivunja." Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Nikishaenda, ukiwa na moyo sema. Usipokuwa nao, lea mtoto tu, hilo pia nitalikubali. Lakini usipitishe tarehe zake za kliniki."

Alipumzika Jumanne, tarehe 6 Januari 2026, saa nne asubuhi, hospitalini alikolazwa siku za mwisho, Baba akiwa amemshika mkono, umri wake ukiwa miaka sitini, miezi tisa na siku ishirini na tatu, ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na daftari la watoto mia tatu na zaidi wanaotembea.

Jana asubuhi Nanjala alimwambia Maxwell yote haya, Maxwell akiwa anapiga viatu vya Baba rangi, naye akaendelea na kiatu hadi kikang'aa, akachukua cha pili, nacho akakimaliza, ndipo akasema, "Nilimwuliza mbele ya watu. Basi ajibiwe mbele ya watu. Utasoma wewe, mimi nitasimama kando yako." Amesimama hapa. Baba, wewe unalisikia sasa hivi pamoja na watu wote, na kwa desturi yetu mkaza mwana hasimami mbele ya baba mkwe akasema mambo kama haya, Nanjala analijua hilo, na anakuomba msamaha kabla jeneza halijainuliwa, kwa kuwa likishainuliwa litakuwa limechelewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtuliza maumivu, na yule wa zamu ya asubuhi aliyekubali kumfungulia dirisha, inamshukuru Daktari Avni aliyeleta barua ile na kuturuhusu tuitaje, na Wahome ambaye hakumlaumu mtu, inamshukuru Mzee Harbans kwa gari litakalombeba hadi Kamukuywa, majirani wa Satellite kwa sufuria na viti, mama wa Mutuini waliokesha na kuimba, na Waceke, aliyesema, "Nitaje, mimi pia nilikuwamo." Kikundi cha akina mama kinaombwa kiandike upya ukurasa ule wa kumwondoa uenyekiti kwenye kitabu cha mikutano, na yeyote aliyemsema marehemu habari za damu, asiende kutubu kwa jeneza, halisikii, arudi kwa yule aliyemwambia amwambie yaliyosomwa leo. Na ikiwa bado mtu anataka wa kumsema, yupo, anaitwa Nanjala, anaishi Mutuini mlango wa tatu, na hatafunga.

Mama, jina lako limerudi kwako likiwa safi, lichukue uende nalo. Pumzika kwa amani.